Silva Si Kromu

Nina ugomvi na kopo la rangi ya silva, na ninauleta kwenu, vijana wenzangu wa kalamu, kwa sababu unatuhusu.

Piteni Gerezani, Dar es Salaam, mkaone. Gari la mtumba kutoka Japani limebanduka kromu kwenye shoo ya mbele. Dalali anataka kuliuza kabla ya Ijumaa. Kopo linatikiswa, pshh, pshh, na baada ya nusu saa eti shoo ni mpya! Mnunuzi anatoa akiba yake ya miaka. Zije mvua mbili tatu, silva inachubuka, na huko chini mabaka ni yale yale.

Nasema wazi: huo si ukarabati, ni changa la macho.

Kwani kromu ya kwenye plastiki ni nini? Plastiki haipitishi umeme. Kiwandani huanza kuchovywa kwenye asidi kali ili uso wake uparuzike, kisha hupakwa utando wa kwanza wa metali kwa kemikali. Ndipo umeme huingia: shaba, halafu nikeli, na juu kabisa kromu, ambayo kwa kawaida haifiki hata nusu maikroni. Unywele wako ni mnene kuliko kromu hiyo zaidi ya mara mia. Mng'ao mwingi tunaousifia ni wa nikeli. Kromu ni mlinzi wake tu. Halafu anakuja mtu na waya wa kusugulia masufuria, anamkwangua mlinzi, anasema anasafisha!

Kilichofifia kwa uchafu kinarudi kwa sabuni, kitambaa laini na polishi nyepesi. Kilichobanduka hakirudi kwa kusugua, hata usugue mpaka kesho. Tafuta shoo nyingine nzima. Ukiamua kupaka, basi paka kweli: ondoa magamba yote, piga msasa, weka praima ya plastiki, kisha nyeusi ya kung'aa, iache ikauke hasa, ndipo upulize rangi ya kromu kiduchu na kuifunika kwa kilia. Vaa barakoa, mapafu hayana spea. Na mwambie mteja: hii ni rangi.

Na wewe unayeota kuchovya kromu mwenyewe kwenye ndoo uani, acha. Kemikali za kromu sita zinazotumika katika kazi hiyo husababisha saratani ya mapafu. Kijana wa gereji asife ili gari la mtu ling'ae.

Najua jibu lenu: "Mshikaji, mteja hana hela." Sawa. Basi mwachie plastiki yake tupu, nyeusi, safi. Gari litatembea vile vile. Asiye na hela ndiye hasa hapaswi kudanganywa, maana hana ya kununulia mara ya pili.

Mtaani neno "usanii" lina maana mbili: kazi ya sanaa, na utapeli. Mafundi hawakutuletea aibu hiyo peke yao. Nasi tunapuliza silva. Hadithi imebanduka katikati, mhusika hana uhai, tunaifunika kwa misamiati ya kung'aa na kuipeleka kwa mhariri. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kabla hujatikisa kopo, piga msasa.