Kijana Akiumia Kazini Bara: Haki Isiyosamehewa kwa Niaba ya Yatima

Vijana wetu wa Unguja na Pemba huenda Bara kutafuta riziki, hata kufika Munanila, wilayani Buhigwe mkoa wa Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Huko kuna kazi za mashamba, na jirani yake imekuwepo kazi kubwa ya barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu.

Kijana akivunjika mguu kazini, nyumbani tunachanga na kuomba dua. Ni jambo jema, lakini wengi hatuulizi haki yake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ya Tanzania Bara ilianzisha Mfuko, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfuko hugharamia matibabu, na asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Maradhi yatokanayo na kazi yamo pia.

Haki hii hufuata mahali pa kazi, si pa kuzaliwa. Mpemba aliyeajiriwa Munanila yumo. Aliyeajiriwa hotelini Nungwi hutazamwa kwa sheria ya Zanzibar, ya 1986 na marekebisho yake. Na anayejikata panga katika shamba lake mwenyewe la tangawizi hana mwajiri, basi hana dai. Wakulima wengi wa Munanila wako hapo, na kwa maoni yetu hilo ni pengo kubwa.

Kibarua naye anahusika, tabu yake ni ushahidi. Aweke ujumbe wa malipo ya simu, majina ya aliofanya nao kazi na karatasi za hospitali, na ajali iripotiwe kwa mwajiri mapema. Dai lisipite miezi 12.

Tunasikia mara nyingi: "Ni qadari ya Allaah, tusimdai mtu." Kuridhika na qadari hakufuti haki iliyowekwa, kama ambavyo kifo hakifuti deni. Kusamehe kunajuzu, ila anayesamehe ni mwenye haki, aliye baleghe na mwenye akili timamu. Kijana akifariki na kuacha watoto, kisha mwajiri akaja na laki chache za rambirambi na karatasi ya kutia saini kwamba yameisha, baba au ami asitie. Ana uwezo wa kuachia fungu lake tu. La yatima si lake.