Ndege Kuukuu na Jua la Bujumbura

Mwenye ndege kuukuu hapa Bujumbura hana budi kuliheshimu jua. Uwanja wetu uko karibu meta 790 juu ya usawa wa bahari. Ifikapo adhuhuri hewa huwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu. Tiger Moth, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, ina nguvu za farasi 130 tu, na mabawa yake ni mbao zilizovikwa kitambaa. Unyevunyevu huweza kuozesha gundi ndani, jicho lisikofika. Rangi mpya haithibitishi lolote! Mwaka huohuo, huko Voi, Denys Finch Hatton alianguka na Gipsy Moth yake mara baada ya kupaa. Mtumishi wake Kamau akafa naye. Basi kabla hujampakia mwanao, fundi na afungue kitambaa azikague mbao, nawe uruke alfajiri.