TUJUE ARDHI YETU: Jiwe la Kijani Bado Si Mgodi



Pengine umewahi kuona mawe ya kijani porini. Pengine kando yake uliona jiwe jeupe lililo zito kuliko mengine. Mtu akiyaona husema, "Tumepata mali!" Wengine huacha shamba na kuanza kuchimba. Mwezi huu tuzungumze habari za mawe hayo.

Rangi ya kijani ni dalili ya shaba. Chombo cha shaba kikikaa sana hushika kutu ya kijani. Jiwe lenye shaba nalo hubadilika hivyo likipata mvua na hewa. Jiwe hilo la kijani huitwa malakaiti. Jiwe jeupe na zito laweza kuwa baraiti.

Yalifikaje hapo? Zamani sana maji ya moto yalipita katika nyufa za miamba, chini ya ardhi. Maji hayo yalibeba madini, kama chai inavyobeba sukari. Yalipopoa yaliyaacha madini ndani ya nyufa. Ufa uliojaa madini huitwa mshipa.

Baraiti hutambulikaje? Lishike mkononi pamoja na jiwe jingine jeupe la ukubwa ule ule. Baraiti ni nzito kuliko maji mara 4 na nusu. Mawe mengi meupe hayafiki mara 3. Kisha likwaruze kwa kisu. Baraiti hukwaruzika. Jiwe jeupe gumu halikwaruziki.

Katika mshipa huenda ukakuta jiwe linalong'aa kama dhahabu. Usidanganyike. Gonga kipande kwa nyundo. Dhahabu hubonyea. Jiwe la shaba huvunjika, na unga wake ni mweusi wenye ukijani. Lakini usilitwange katika kinu cha chakula. Mawe haya huweza kuchanganyika na risasi, na risasi ni sumu.

Shaba hutengeneza nyaya za umeme. Baraiti husagwa na kutiwa katika tope la kuchimbia visima vya mafuta na gesi. Uzito wake huzuia gesi isilipuke kutoka kisimani.

Basi mbona jiwe la kijani bado si mgodi? Jiulize mambo matatu.

Kwanza, ni mengi kiasi gani? Rangi ya kijani huenea juu ya mwamba kama rangi ya ukutani. Chini yake huenda pana mshipa mwembamba kama kidole.

Pili, yana shaba kiasi gani? Jicho haliwezi kujua. Maabara ndiyo hupima.

Tatu, ni mbali kiasi gani? Mawe ni mazito na nauli ni ghali. Tazama Mpanda. Huko palikuwa na mgodi wa risasi, wenye shaba pia. Ili kuyatoa madini ilibidi kujenga reli kutoka Kaliua, kilometa 210. Reli hiyo ilianza kazi mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Madini yasingekuwa mengi, nani angejenga reli? Baraiti ni nzito na bei yake ni ndogo. Ikiwa mbali na barabara, nauli huila faida yote.

Ufanye nini basi? Chukua kipande cha ukubwa wa ngumi. Weka alama mahali ulipokiokota. Kipeleke kwa Afisa Madini wa mkoa wako. Usichimbe shimo refu, maana huporomoka na kuua. Tena kuchimba bila leseni ni kosa. Na akija mgeni kununua mawe upesi upesi, usiuze kabla hayajapimwa.

Shamba lako usiliache. Jiwe litangoja. Mvua haingoji.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini jiwe lenye shaba huwa la kijani?
2. Utaitambuaje baraiti?
3. Kijiji chetu kiko umbali gani kutoka barabara kuu au reli?