MAMBO YA NYUMBANI: Sebule Iwafae Wenyeji Kwanza

Watu wengi wapangapo sebule humfikiria mgeni kabla ya kuwafikiria wenyeji. Kiti kizuri huwekewa mgeni, sahani nzuri hufungiwa kabatini kumngojea mgeni, na meza ya chakula hupambwa maua ambayo watoto wamekatazwa kuyagusa. Mgeni mwenyewe pengine huja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote bwana hula peke yake, sahani i juu ya magoti, na bibi na watoto hula jikoni. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo yataja watu wawili, na mwenyeji naye hana budi kupona.

Mjini Nakuru jambo hili lataka fikira zaidi kwa sababu ya udogo wa vyumba. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, mji ukakua pamoja na wafanyakazi wake, na katika mitaa ya zamani kama Bondeni, Kaloleni na Kivumbini nyumba nyingi zilijengwa zenye vyumba vidogo. Nakuru ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini wapangaji wengi bado huishi katika chumba cha futi 10 kwa 12. Chumba hicho ndicho sebule, ndicho mahali pa kulia, na mara nyingi usiku watoto hulala humo.

Na tumtazame karani aliyepanga chumba cha namna hiyo, akanunua kwa mkopo seti ya makochi ya watu saba. Kila kochi lina kina cha futi 3 hivi. Chumba kina upana wa futi 10. Akiweka makochi ukuta huu na ukuta ule, zabaki futi 4 katikati. Akiweka hapo meza ndogo ya futi 2, kila upande wabaki nafasi ya futi moja tu. Mtoto aliyebeba chai ya moto hawezi kupita hapo bila kugonga goti la mtu. Meza ya chakula nayo haina pa kukaa, kwa hiyo huuzwa au hutupwa uani. Karani huyo atalipa deni kwa miezi mingi, na kwa fedha zake amejinunulia msongamano.

Dawa yake ni kupima kabla ya kununua. Achukue futi kamba apime chumba, mlango na madirisha. Kisha achukue magazeti yaliyokwisha kusomwa, ayatandaze sakafuni kwa ukubwa wa kila kiti na meza anayoitaka, apite katikati yake akiwa amebeba sinia. Njia ya kupitia watu isipungue futi mbili na nusu. Akiona hapapitiki, apunguze viti vingali karatasi. Kochi moja la watu watatu na viti viwili vyepesi vinavyoweza kusogezwa vyatosha katika chumba kidogo.

Baada ya hapo meza ya chakula ipewe nafasi yake. Kila mlaji huhitaji upana wa futi 2, basi meza ya futi 5 kwa 3 huwatosha watu sita. Kimo cha meza kiwe inchi 30 na cha kiti inchi 18, ili mtu asiinamie sahani wala asiinue mabega. Nyuma ya kiti ziachwe futi 3 hivi, mtu apate kuinuka. Chumba kisiporuhusu, meza na isukumwe ukutani, ivutwe wakati wa chakula, na mabenchi yasiyo na egemeo yasukumwe chini yake. Meza hiyo hiyo ni shule ya jioni. Mtoto anayeandikia juu ya magoti huchoka upesi, na mwandiko wake huharibika.

Mahali pa kuiweka meza hutegemea jua pia. Nakuru ni karibu sana na mstari wa ikweta, kusini yake kidogo. Kwa hiyo mwaka mzima jua la asubuhi huingia kwa madirisha ya mashariki na la alasiri kwa yale ya magharibi. Meza karibu na dirisha la mashariki hupata joto na mwanga wakati wa chai ya asubuhi. Makochi yakiwekwa mbele ya dirisha la magharibi, kitambaa chake hupauka upesi.

Vumbi nalo halina budi kukumbukwa, hasa katika kiangazi cha Januari na Februari. Vitambaa vya kufumwa vinavyotandikwa juu ya viti vina kazi yake: huzuia vumbi na mafuta ya nywele, tena hufulika. Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanza mwaka 1952, viliwafundisha wanawake wengi kazi za sindano. Lakini mapambo yawe machache, kwa maana kila kinachowekwa juu ya meza lazima kipanguswe. Hapo watu wa bara waweza kujifunza kwa watu wa pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, mafundi walitengeneza zidaka ukutani, na humo vikawekwa vyombo vya kauri. Mapambo yalikaa ukutani, sakafu ikabaki ya watu. Rafu mbili za mbao hufanya kazi hiyo hiyo.

Katika ununuzi wa samani, mbao zitazamwe kuliko rangi. Saipresi iliyopasuliwa juzi na kupigiliwa ingali mbichi hujipinda na kupasuka. Fundi mwaminifu huikausha kwanza. Mtu mwenye meza ya zamani iliyo imara aipige msasa na vanishi, asiitupe kwa ajili ya kioo cha dukani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Jambo la mwisho ni la uhai. Huko Molo, ulioko zaidi ya meta 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hata Nakuru wakati wa Julai, watu huingiza jiko la makaa sebuleni na kufunga madirisha. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na waliolala huweza kufa bila kuamka. Jiko likitumika, dirisha liwe wazi, na kabla ya mtu kulala litolewe nje kabisa. Zulia, mapazia mazito na blanketi ya ziada huleta joto lisilodhuru.

Anayetaka kujua kama sebule yake imepangwa vema, na ahesabu watu wa nyumbani mwake, kisha ahesabu ni wangapi wanaoweza kuketi mezani pamoja leo jioni. Hesabu hizo mbili zisipolingana, asinunue pambo jingine mpaka zilingane.