ASKARI WATATU WASIO NA MAJINA



Habari za Sajini Nigel Leakey husimuliwa kana kwamba alikuwa peke yake uwanjani. Hatumpunguzii sifa. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito katika nchi ya Uhabeshi, vifaru vya Waitalia viliwatokea ghafula askari wa batalioni ya kwanza ya 6 K.A.R., yaani kikosi cha Tanganyika, waliokuwa wamevuka mto Billate bila silaha ya kuvizuia. Leakey alirukia kifaru kimoja kilichowajia kwa nyuma, akakifungua, akawaua kwa bastola waliokuwamo ila dereva, ambaye alimlazimisha kukipeleka mafichoni. Kisha akavifuata vingine kwa miguu. Akapanda juu ya kimoja, akaua mtu wa pale, naye akapigwa risasi akafa. Nishani ya Victoria Cross ilitangazwa katika Gazeti la Serikali la London tarehe 15 Novemba 1945, na alistahili.

Walakini tangazo lenyewe lasema kwamba katika kuvinyemelea vifaru vile alifuatana na sajini meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Basi, hapo kalamu ikanyanyuka. Majina hakuna, wala halisemi kama walirudi wazima.

Watajibu wengine kwamba nishani ni ya mtu mmoja, na karatasi yake haina nafasi ya wengi. Sisi makarani twajua nafasi ipatikanavyo katika karatasi. Mfuko mmoja wa barua ukipotea, twaulizwa nambari yake mara tatu! Askari wa K.A.R. alikuwa na nambari, na jina lake liliitwa kila siku ya mshahara. Sajini meja, mkubwa wa askari wote wa kombania, asijulikane jina na maofisa wake? Hatukubali. Aliyeandika aliwaona watu watatu, akawahesabu, akaona hesabu yatosha.

Kwa hiyo twawaomba ninyi wa Cheyo na mitaa mingine ya Tabora. Wazee waliotumika 6 K.A.R. katika vita vile karibu wote wamekwisha kufa, lakini huenda vyeti vyao vya kuachishwa jeshi vingalimo masandukuni mwa wajukuu. Vitafuteni. Nakilini jina, nambari, kombania na tarehe, mkamletee katibu kabla ya mkutano ujao, hata kama mzee hakufika Colito.