UCHAMBUZI: Gari linapowaka moto likiwa limeegeshwa

KWA kawaida mwenye gari huhofia ajali akiwa barabarani. Akishazima injini, akafunga milango na kuingia nyumbani kulala, huamini kwamba hatari ya siku hiyo imekwisha.

Imani hiyo ilitikiswa Desemba 2018, kampuni ya Ford ilipotangaza kwamba ingeyarejesha gereji magari yapatayo 874,000 aina ya pikapu huko Amerika Kaskazini ili yafanyiwe marekebisho. Yalikuwa ni magari ya F-150 ya kati ya mwaka wa 2015 na 2019, pamoja na yale makubwa zaidi ya jamii ya Super Duty ya kati ya 2017 na 2019. Yote yalikuwa yamewekewa kiwandani kifaa cha kupasha injini joto.

Msomaji wa Mombasa au Kisumu, ambaye kero yake ni injini kuchemka kupita kiasi, huenda akashangaa ni kwa nini injini ipashwe joto. Jibu ni hali ya hewa. Katika sehemu nyingi za Kanada na kaskazini mwa Marekani, baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sufuri. Oili huganda ikawa nzito, betri hupoteza nguvu, na asubuhi injini hukataa kuwaka. Hivyo basi, jioni mwenye gari huchomeka waya wa kifaa hicho katika soketi ya nyumbani, umeme ukaipasha injini joto usiku kucha.

Hitilafu yenyewe ilikuwa ndogo. Maji na uchafu vingeweza kupenya katika kiungio cha waya huo, vikasababisha kutu, na hatimaye waya ukaharibika na kushika moto.

Jambo la kutia hofu ni kwamba hatari hii haikuwapo gari likiwa safarini. Ilikuwapo pale tu gari lilipokuwa limeegeshwa na kuchomekwa kwenye umeme, aghalabu ubavuni mwa nyumba au katika banda lililoshikana nayo, wenyewe wakiwa usingizini. Aliyekuwa hatarini hapa si dereva peke yake, bali hata mtoto au mgeni ambaye hajawahi kulipanda gari hilo.

Kati ya magari hayo, takriban 410,000 yalikuwa Marekani na 464,000 Kanada. Kufikia siku ya tangazo, Ford ilikuwa imepokea ripoti za visa vitatu vya moto Marekani na 24 Kanada, ambako vifaa hivyo hutumika zaidi. Kampuni ilisema haikuwa na habari za mtu yeyote aliyejeruhiwa.

Visa 27 katika magari 874,000 ni sawa na kisa kimoja kwa kila magari 32,000 na zaidi. Katika nchi nyingi, idadi kama hiyo isingemwondoa afisa yeyote kitini, seuze kuilazimisha kampuni kubwa kuwaandikia barua wateja wake na kuwatengenezea magari bila malipo. Mbona basi Ford ikachukua hatua kabla hata mtu mmoja hajaumia?

Jibu halimo katika huruma ya wafanyabiashara, bali katika sheria. Tangu mwaka wa 1966, Marekani imekuwa na sheria ya usalama wa magari ambayo haisubiri maiti ili hatua ichukuliwe. Kampuni ikishabaini kwamba bidhaa yake ina kasoro inayohatarisha usalama, ina siku tano za kazi kuiarifu mamlaka ya usalama barabarani, kisha iwajulishe wenye magari na kugharimia matengenezo. Mwaka wa 2000, baada ya vifo vilivyohusishwa na magurudumu ya Firestone, Bunge la nchi hiyo lilikaza kamba zaidi kwa kuzitaka kampuni ziwe zikiripoti mapema dalili za hitilafu.

Hata hivyo, sheria nzuri haimaanishi kwamba mambo hunyooka mara moja. Kampuni ya General Motors iliwahi kuuza magari, yakiwemo pikapu za Chevrolet Silverado na GMC Sierra, yenye kifaa cha kupasha joto maji ya kusafishia kioo cha mbele. Mwaka wa 2008, ilibidi zaidi ya magari 850,000 yarejeshwe kwa sababu kifaa hicho kingeweza kuzua moto. Mafundi waliongeza fyuzi, na wengi wakadhani mambo yamekwisha.

Miaka miwili baadaye, Juni 2010, kampuni hiyo ilirudi kwa wateja wake, mara hii ikihitaji magari takriban milioni 1.5, baada ya visa vingine vya moto. Safari hii haikujaribu kutengeneza. Iliamua kukizima kifaa hicho kabisa na kumlipa kila mwenye gari dola 100 kama fidia ya huduma aliyoikosa. Ilikuwa njia ya kukiri kwamba kuna starehe isiyostahili hatari yake.

Udhaifu mwingine wa mpango huu ni kwamba tangazo si matengenezo. Ford iliwashauri wateja wasichomeke waya huo hadi gari litengenezwe. Ni ushauri wa busara, lakini kwa mkulima anayeishi mbali na gereji, katika majira ambayo injini isiyopashwa joto huenda isiwake, ulikuwa ushauri mgumu kuutii.

Na barua ya onyo haiwezi kumfaa asiyeipokea. Mwaka wa 2004, dada wawili walifariki katika jimbo la California wakiwa katika gari la kukodisha, lililoshika moto na kugongana na lori. Gari hilo lilikuwa tayari limetangazwa kuwa na hitilafu inayoweza kusababisha moto, lakini lilikodishwa kabla ya kurekebishwa. Ilichukua hadi mwaka wa 2016 kwa sheria kuanza kuzizuia kampuni kubwa za kukodisha magari kutoa gari la aina hiyo.

Hapo ndipo suala hili linapomgusa Mkenya. Pikapu zile za Marekani zina usukani upande wa kushoto na si rahisi kuzikuta Nairobi. Lakini magari mengi yanayoingia nchini kupitia bandari ya Mombasa ni yaliyokwisha kutumika, hasa kutoka Japan, yakiwa na umri usiozidi miaka minane. Kiwanda kinapotoa onyo, barua humfuata mtu ambaye jina lake limo katika daftari la usajili la huko. Aliyelinunua gari hilo Mombasa au Eldoret hajulikani na kiwanda.

Mfano ulio wazi ni mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japan, ambayo ilisababisha makumi ya mamilioni ya magari kurejeshwa kote duniani, yakiwemo ya Toyota, Honda na Nissan. Ilibainika kwamba baadhi ya mifuko hiyo ingeweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma, na kwamba joto na unyevu wa muda mrefu viliizidishia hatari. Mkazi yeyote wa Pwani anafahamu joto na unyevu ni nini.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari anazohitaji na ulinzi wa afya na usalama wake. Haki hiyo haina uzito ikiwa habari zenyewe zinabaki Tokyo au Detroit. Njia mwafaka ni serikali kudai kwamba nambari ya chesisi ya kila gari ikaguliwe katika orodha za viwanda kabla ya gari kusajiliwa, na kwamba mwagizaji asiruhusiwe kuuza gari lenye onyo ambalo halijashughulikiwa.

Kwa sasa, mnunuzi asingoje kufanyiwa. Kampuni nyingi zinazounda magari zina kurasa za intaneti ambapo mtu huingiza nambari ya chesisi na kuonyeshwa iwapo gari lake linahitajika gereji. Ni kazi ya dakika chache, na yafaa ifanywe kabla ya pesa kutolewa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kule Kanada ufa ulikuwa kiungio cha waya, na ukuta uliokuwa hatarini ni wa nyumba ambamo watu wamelala.