'Bulla' si 'slum'

Mwanafunzi wa Mandera anapotakiwa kuandika insha ya Kiingereza kuhusu mahali anapoishi, hupewa maneno machache ya kuchagua: 'city', 'town', 'village', 'estate' na 'slum'. Mtoto anayekaa Bulla Jamhuria au Bulla Mpya haoni katika orodha hiyo neno linalolingana na bulla. Aghalabu huishia kuandika 'slum', na mwalimu humpa alama zake. Kwa maoni yangu, mtoto huyo hajatafsiri. Amehukumu, na waliohukumiwa ni wazazi wake mwenyewe.

Hebu tuyapime maneno haya mawili. 'Buulo' katika Kisomali ni makazi, kijiji, mkusanyiko wa vibanda. Halina aibu yoyote ndani yake. Lilipoingia katika Kiswahili cha Kaskazini Mashariki lilipewa kazi ya mtaa, likaoana na neno lolote lililolifuata: Bulla Mpya na Bulla Power hapo Mandera, Bulla Iftin, yaani bulla ya mwangaza, kule Garissa. 'Slum', kwa upande wake, lilizaliwa katika misimu ya London mwanzoni mwa karne ya 19. Lilikuwa na maana ya chumba, kisha likawa jina la vichochoro vya maskini. Hivyo ni neno la mpita njia anayechungulia na kuziba pua, ilhali bulla ni neno la aliyemo ndani. Yamkini zipo bulla zisizo na maji wala barabara, na hilo lisemwe waziwazi. Lakini ukosefu wa bomba la maji ni kasoro ya huduma, nao hauwezi kuwa ndiyo maana ya neno.

Walimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi mfano ulio hatua chache tu kutoka madarasani mwao. Ng'ambo ya mpaka kuna mji ambao Wakenya tumezoea kuuita Bula Hawa. Ramani za Somalia huuandika Beled Hawo. 'Beled' limetokana na Kiarabu 'balad', yaani mji au nchi. Mahali ni pamoja, jina la Hawa ni lile lile, lakini kwa huyu ni kijiji na kwa yule ni mji. Sidhani kuna profesa wa semantiki atakayewapa somo bora kuliko hilo.

Kiswahili nacho hakikutenga mambo haya kwa ukuta. Mti ukiwa mdogo ni kijiti na ukiwa mkubwa ni jiti. Kwa kanuni hiyo hiyo, mji mdogo ni kijiji na mji mkubwa ni jiji. Shina ni moja. Wakikuyu wana 'mũciĩ' na Wakamba 'mũsyĩ', maneno ya jamaa hiyo hiyo, nao humaanisha nyumbani. Kwa Wasomali mji ni 'magaalo', na huko Harar, Ethiopia, uwanja wa Faras Magala ni soko la farasi. Katika lugha hizi mji ni mahali watu wanapokaa pamoja au wanapokutana kuuziana. Kuta na paa hufuata baadaye.

Kiingereza cha serikali hupima kwa kipimo kingine. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ilidai watu 500,000 ili mahali paitwe jiji, na mwaka 2019 kiwango hicho kikateremshwa hadi 250,000. Manispaa ilidai 250,000, ikateremshwa hadi 50,000. Mji wa kawaida unadai 10,000. Sina ugomvi na hesabu, kwani fedha za umma lazima zigawanywe kwa kipimo fulani. Ugomvi wangu ni juu ya anayehesabiwa. Familia moja ya Mandera huwa na kaka anayeuza duka mjini na mdogo wake aliye baadia na ngamia, na nyumba ya Kisomali, 'aqal', hukunjwa na kupakiwa ngamiani mvua inaponyesha kwingine. Je, mkazi ni yupi hapo? Kisomali hutofautisha 'reer magaal', watu wa mjini, na 'reer guuraa', watu wa kuhamahama, lakini neno 'reer' lenyewe ni ukoo, na ukoo mmoja huweza kuwa na wote wawili. Hesabu ya watu ya 2009 ilipotolewa mwaka 2010, serikali ilifuta matokeo ya wilaya 8, na 3 kati ya hizo zilikuwa za Mandera. Mabishano yale yaliendeshwa kwa takwimu, ingawa chini yake lilijificha swali la maana ya neno 'mkazi'.

'Citizen' ndilo neno zito kuliko yote. Katika Kiingereza limechipuka kutoka 'city', kana kwamba asiye na mji hana nchi. Sisi tunasema raia, kutoka Kiarabu 'ra'iyya', kundi linalochungwa, na shina lake ndilo lililozaa neno la mchungaji. Mfugaji wa Mandera angepaswa kujiona yumo ndani ya neno hilo kabla ya yeyote aishiye ghorofani Nairobi! Mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa na kupewa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha uraia wao, na ukaguzi wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho kaskazini uliendelea hadi rais alipoagiza ukomeshwe, Februari 2025.

Walimu wa Kiingereza wataniuliza mwanafunzi aandike nini basi, maana mtihani haungoji falsafa. Jibu langu ni jepesi. Kiingereza cha Kenya kilikwisha kupokea 'boma', 'shamba' na 'manyatta' bila kuomba radhi. Mwanafunzi na aandike 'bulla', aongeze sentensi moja ya kulieleza, na msahihishaji huko aliko aweke kando kalamu yake nyekundu.